Kushtaki serikali kwa sababu ya tabianchi: maswali yanayoulizwa kila mara

Kila hukumu ya tabianchi ikitoka Ulaya watu wanaanza kuulizana yaleyale, na majibu yanayozunguka huwa nusu kweli nusu ndoto, mara "Uswisi imepigwa faini", mara "sasa Afrika italipwa". Nimekusanya hapa yanayojirudia sana. Mi si wakili wako na hapa hamna ushauri wa kesi yako, ni maelezo tu ya nani alimshtaki nani, wapi, na ikaishia vipi.

## Kwanza tuelewane

Makubaliano ya Paris si ndo sheria yenyewe? Mbona hakuna anayeadhibiwa?

Ni sheria ndiyo, ila imeandikwa kwa ujanja. Yalipitishwa 12 Desemba 2015, yakaanza kazi 4 Novemba 2016, na lengo lake ni joto la dunia libaki chini kabisa ya nyuzi 2 ukilinganisha na kabla ya enzi za viwanda, huku nchi zikijitahidi liishie 1.5. Kila nchi inalazimika kuandika mpango wake wa kupunguza gesijoto, ule unaoitwa NDC, na kila miaka 5 ilete mpya wenye nguvu kuliko wa zamani. Sasa ujanja uko hapa: kuandika mpango ni lazima, lakini namba iliyomo ndani unajipangia mwenyewe.

Ifikirie kamati ya harusi. Unaletewa kadi, unaandika ahadi yako kwa mkono wako, usipolipa unakumbushwa kwenye grupu na mwenyekiti anakupigia simu ya upole, ila hakuna anayekupeleka polisi. Paris ndo hivyo hivyo. Kifungu cha 15 kimeunda kamati ya kufuatilia utekelezaji na kimeiambia waziwazi isigombane na mtu wala isiadhibu.

Kwa hiyo hizo kesi zinasimama kwenye sheria gani?

Hili ndo watu wengi hawalijui. Karibu kesi zote kubwa zilizoshinda hazikushinda kwa Makubaliano ya Paris peke yake, zilishinda kwa sheria za zamani kabisa ambazo zilikuwepo kabla neno tabianchi halijazoeleka masikioni: wajibu wa kutomdhuru mwenzako, haki ya kuishi, katiba. Paris inaingia kama kipimo tu, yaani jaji anachukua ile ahadi uliyoandika mwenyewe anakuuliza, wewe si ndo ulisema hivi?

Na ule msingi wa kutomdhuru jirani una historia ndefu. Kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini mji wa Trail, upande wa Canada, moshi wake ukawa unavuka mpaka na kuharibu mashamba ya watu jimbo la Washington, Marekani. Baraza la usuluhishi likatoa uamuzi mwaka 1938 na tena 1941, kwamba hakuna nchi yenye haki ya kutumia ardhi yake, au kuiacha itumike, mpaka moshi ulete madhara makubwa kwenye ardhi ya mwingine. Mtu yeyote aliyewahi kuishi uswahilini na jirani anayechoma takataka asubuhi ataielewa hiyo bila kwenda chuo.

Hizi mahakama zinanichanganya, ipi ni ipi?

Zinachanganya kweli, hata waandishi wa habari wanakosea kila siku.

Strasbourg kuna Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hii ni ya Baraza la Ulaya, lenye nchi 46, na haina uhusiano wa moja kwa moja na Umoja wa Ulaya. Ndo maana Uswisi, ambayo haimo kwenye Umoja wa Ulaya, iliweza kushtakiwa pale. Luxembourg kuna Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, hiyo ndo ya EU, na hiyo ina faini zinazouma. The Hague kuna ICJ, mahakama ya Umoja wa Mataifa ambako nchi zinashtaki nchi, wewe na mimi hatuna mlango wa kuingilia. Hamburg kuna mahakama ya sheria ya bahari. Na Arusha kuna mbili, ya Afrika ya haki za binadamu na ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, msizichanganye nazo.

Na Umoja wa Ulaya wenyewe umejifunga kwa lipi?

Una sheria ya tabianchi ya mwaka 2021. Inasema ifikapo 2030 gesijoto ziwe zimepungua angalau asilimia 55 ukilinganisha na 1990, na ikifika 2050 kinachotolewa na kinachofyonzwa vilingane. Mwishoni mwa 2025 Bunge lao na serikali wanachama wakaafikiana kuhusu 2040 pia, asilimia 90, ila wakajiachia mwanya kwamba mpaka pointi 5 za hizo zinaweza kutoka kwenye vyeti vya kaboni vilivyonunuliwa nje ya Ulaya, yaani unalipia gesijoto zilizopunguzwa na mwingine alafu unazihesabu kuwa zako. Hapo kwenye kununua mi ndo naweka jicho, maana misitu inayouzwa kwa hesabu hizo mingine ni ya kwetu.

Chombo chao kikubwa ni soko la vibali vya kutoa hewa chafu, lipo tangu 2005: kampuni ikitoa tani moja lazima iwe na kibali cha tani moja, ikikosa inanunua. Tangu 2024 meli kubwa zimo, kwa hiyo meli ikitoka Mombasa moja kwa moja mpaka Rotterdam, nusu ya moshi wa safari ile inahesabiwa.

## Kesi zenyewe

Ile kesi ya Uholanzi ilianzaje na kwa nini kila mtu anaitaja?

Kwa sababu ndo ya kwanza duniani ambapo mahakama iliiamuru serikali ipunguze gesijoto kwa kiwango kinachotajwa, na wala haikuwa serikali ya mabavu au ya kifisadi, ni Uholanzi, nchi ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, ungedhani wao ndo wangekuwa wa kwanza kuogopa maji.

Shirika la Urgenda pamoja na raia karibu 900 walifungua kesi 2013. Hoja yao ilikuwa rahisi. Serikali yenyewe ilishakubali huko nyuma kwamba nchi tajiri zinatakiwa kupunguza kati ya asilimia 25 na 40 ifikapo 2020, na ilikuwa na lengo lake la asilimia 30, alafu baadaye ikalishusha bila kutoa sababu yoyote ya kisayansi. Mahakama ya wilaya ya The Hague tarehe 24 Juni 2015 ikasema punguzeni angalau asilimia 25 mpaka mwisho wa 2020. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2018, ikapanda mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi, ikashindwa tena tarehe 20 Desemba 2019. Huko juu majaji waliegemea haki ya kuishi na haki ya maisha ya familia, vifungu vya 2 na 8 vya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu.

Utetezi wa serikali unaujua, ni ule ule wa kila mahali: sisi ni wadogo, tunatoa chini ya asilimia moja ya gesi za dunia, tukipunguza sisi China je? Majaji wakaukataa. Wakasema kila nchi inabeba sehemu yake, na hoja ya udogo ikikubaliwa kwa mmoja basi kila mmoja ataitumia na hatabaki wa kuwajibika.

Ikatekelezwa? Kituo cha umeme wa makaa cha Hemweg pale Amsterdam kilifungwa mwisho wa 2019, mwendokasi wa magari mchana kwenye barabara kuu ukashushwa mpaka kilomita 100 kwa saa (ingawa hilo lilisukumwa zaidi na shida ya naitrojeni, kesi nyingine kabisa), na 2020 namba ikafika, ikipita lengo kwa nywele tu. Tuwe wakweli, Korona ilisaidia sana.

Ujerumani nako ilikuwa hivyo hivyo?

Hapana, Ujerumani ni tofauti na mi binafsi naona hoja yake ndo tamu kuliko zote. Mahakama ya Katiba kule Karlsruhe, uamuzi wa 24 Machi 2021, haikusema serikali imewadhuru watu leo. Ilisema sheria ya tabianchi ya 2019 ilipanga mambo mpaka 2030 tu, na ilikuwa inaruhusu kizazi cha sasa kutumia sehemu kubwa mno ya kaboni ambayo nchi bado inaweza kuitoa, kiasi kwamba baada ya 2030 watakaokuwa hai watalazimika kubanwa vikali kwenye karibu kila kitu, na huo ni uvunjaji wa uhuru wao unaofanyika sasa hivi. Kama baba anayekula mbegu zote alafu anawaambia watoto mwakani mtajitegemea.

Bunge likabadilisha sheria ndani ya miezi michache, lengo la 2030 likapanda mpaka asilimia 65 na mwaka wa kufika sifuri ukarudi nyuma kutoka 2050 mpaka 2045. Kitu kingine: kati ya walalamikaji kulikuwa na watu wa Bangladesh na Nepal, mahakama ikakubali kuwasikiliza japo mwisho hawakupata walichoomba.

Wale mabibi wa Uswisi walishinda nini hasa?

KlimaSeniorinnen ni chama cha wanawake wazee zaidi ya 2,000, wastani wa umri wao ni miaka 73 hivi. Walisema mawimbi ya joto yanawaua wanawake wazee kuliko watu wengine, na hilo takwimu za afya zinaliunga mkono. Nyumbani kwao mahakama zote ziliwafukuza, wakaambiwa bado muda upo, wakaenda Strasbourg.

Tarehe 9 Aprili 2024 majaji 16 kati ya 17 walikubali kwamba Uswisi imevunja kifungu cha 8 cha Mkataba ule ule wa Haki za Binadamu, kwa sababu haikuwa na hesabu inayoeleweka ya kiasi gani cha kaboni imebakiza, na malengo yake ya nyuma iliyojiwekea yenyewe haikuyafikia. Tena wote 17 wakasema mahakama za Uswisi ziliwanyima haki ya kusikilizwa.

Sasa angalia kitu kimoja ambacho habari nyingi zilikiruka. Wanawake wanne waliofungua kesi kwa majina yao walitupwa nje, kilichoshinda ni chama. Mahakama ilisema mtu mmoja mmoja lazima aonyeshe ameumia kwa kiwango kikubwa sana, ila chama kinaweza kuwasemea wanachama na vizazi vijavyo. Na faini haikuwepo. Walipewa euro 80,000 za gharama za kesi, basi, hakuna fidia.

Na wale vijana wa Ureno waliosemekana wameshtaki Ulaya nzima?

Walikuwa 6, walianza baada ya moto mkubwa wa misitu wa 2017, wakashtaki nchi zaidi ya 30 kwa mpigo. Siku ile ile mabibi waliposhinda, wao walitolewa. Sababu mbili: hawakuanzia mahakama za kwao Ureno, na zile nchi nyingine haziwajibiki kwao kwa sababu hawaishi kwenye ardhi ya nchi hizo. Kama unafikiria kushtaki nchi usiyoishi, soma hiyo sentensi mara mbili.

Ni kweli kuna familia ya Kenya iliishtaki EU?

Kweli, na ni ajabu hatuizungumzii. Mwaka 2018 familia 10, nyingi za Ulaya ila moja ya kaskazini mwa Kenya na nyingine ya Fiji, pamoja na umoja wa vijana Wasami (wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya) wa Sweden, walikwenda Luxembourg kudai kwamba lengo la EU la wakati ule, asilimia 40 ifikapo 2030, ni dogo mno na linavunja haki zao. Lengo lilikuja kupandishwa baadaye, lakini si kwa kesi yao.

Wao walifukuzwa mlangoni, 2019 na tena kwenye rufaa tarehe 25 Machi 2021, bila hata mtu kubisha kwamba ukame unawaumiza. Tatizo ni kanuni ya mwaka 1963, iliyotokana na kesi ya Mjerumani mwagizaji wa machungwa madogo aina ya klementini. Kanuni inasema ukitaka kupinga sheria ya EU moja kwa moja, lazima ikuguse wewe kwa namna ya pekee inayokutofautisha na kila mtu mwingine. Sasa tabianchi inamgusa kila mtu, maana yake kadiri madhara yanavyokuwa ya wengi zaidi ndivyo nafasi yako ya kusikilizwa inavyopungua. Ndo sheria ilivyo, msinipige mimi.

## Makampuni

Shell iliamriwa ipunguze asilimia 45, sasa wameshalipa?

Hiyo amri haipo tena. Mahakama ya The Hague iliitoa 26 Mei 2021, asilimia 45 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2019, ikiwemo moshi wa mafuta ambayo wateja wanachoma. Shell wakahamishia makao makuu London, wakaondoa "Royal Dutch" kwenye jina, wakakata rufaa. Tarehe 12 Novemba 2024 rufaa ikafuta ile asilimia. Ila isomeni vizuri: majaji hawakusema Shell haina wajibu, walisema wajibu upo, kilichokosekana ni namba moja ya kisayansi inayoweza kubandikwa kwa kampuni moja. Shirika la Milieudefensie, ndo lililofungua kesi, limepeleka suala mbele zaidi, Mahakama Kuu kabisa ya Uholanzi.

Mtu wa kawaida wa nchi maskini amewahi kushtaki kampuni ya Ulaya?

Yuko mkulima wa Huaraz, Peru, aliyeishtaki kampuni ya umeme ya RWE ya Ujerumani mwaka 2015. Juu ya mji wao kuna ziwa, Palcacocha, linajaa kwa sababu barafu ya milima inayeyuka, na likipasuka linashuka na mji. Alipiga hesabu kwamba RWE inahusika na asilimia 0.47 ya gesi za viwanda duniani, basi ilipe asilimia hiyo hiyo ya gharama za kuzuia maji. Kama euro 17,000 hivi, yaani kesi ya miaka 10 kwa bei ya gari la mtumba.

Tarehe 28 Mei 2025 mahakama ya Hamm, Ujerumani, ilitupa dai lake, kwa kuwa wataalamu walikadiria uwezekano wa maji kufika nyumbani kwake ndani ya miaka 30 ni kama asilimia 1 tu. Ila kabla ya kulitupa ikasema kwamba kisheria mtoaji mkubwa wa gesijoto anaweza kuwajibishwa kwa madhara ya upande mwingine wa dunia, umbali hauzuii. Akipoteza mmoja, mlango umebaki wazi kwa anayefuata, na mawakili wa makampuni wanalijua hilo.

Vipi bomba la mafuta la Hoima mpaka Tanga?

Hili ndo linalotugusa, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, na TotalEnergies ya Ufaransa ndo mwenye hisa kubwa, 62 kwa mia. Limeshtakiwa sehemu mbili na mahakama zote zimekwama kwenye utaratibu, hazikufika kwenye kiini.

Ufaransa ina sheria ya 2017 inayozitaka kampuni kubwa kuwa na mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira popote zinapofanya kazi, hata kupitia kampuni tanzu. Mashirika ya Ufaransa na Uganda yakaitumia 2019. Walizungushwa miaka wakibishania ni mahakama ipi inahusika, alafu 28 Februari 2023 mahakama ya Paris ikasema kesi haipokeleki, moja ya sababu ikiwa madai yaliyofika mahakamani yalikuwa tofauti sana na yale ya kwenye barua ya kwanza ya onyo. Mwezi Juni mwaka huo huo Waganda 26 na mashirika wakafungua nyingine, ya fidia.

Arusha nako, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, mashirika manne yalifungua 2020, na Novemba 2023 wakaambiwa wamechelewa. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi 2 tu tangu kitendo kifanyike au ulipokifahamu. Miezi miwili! Mwenye shamba Hoima au Kagera hata mkataba wenyewe hajauona.

## ICJ na dunia nzima

Ile ya ICJ Julai 2025 ilikuwa hukumu?

Hapana, ni maoni ya ushauri. Tofauti ni kwamba hakuna mdai wala mdaiwa, na hayamfungi mtu kama hukumu inavyofunga. Lakini yanachosema ni sheria gani *tayari ipo*, na hiyo sheria ndo inayofunga. Kwa hiyo ukisikia msemaji wa serikali anasema "ni ushauri tu", amesema kweli nusu.

Ilianzia darasani. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini walikuja na wazo, Vanuatu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ikalibeba, na 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha ombi bila hata nchi moja kupinga. Desemba 2024 nchi 96 zikasimama kujieleza mbele ya majaji, makamu wa rais wa mahakama akiwa Julia Sebutinde wa Uganda. Tarehe 23 Julai 2025 majibu yakatoka, majaji wote kwa sauti moja.

Walichosema, nikibana sana: nyuzi 1.5 ndo lengo linalohesabika sasa. NDC huandiki unavyojisikia, lazima ifike kikomo cha uwezo wako, na kila nchi inapimwa kwa historia yake na mali yake (rudi kwenye kamati ya harusi, mwenye magari matatu hawezi kuandika elfu tano akasema ndo nilichojaliwa). Nchi ikishindwa kuchukua hatua, ikiwemo kuendelea kutoa leseni za uchimbaji wa mafuta na makaa au kuyapa ruzuku, inaweza kuwa imefanya kosa la kimataifa. Na kosa likithibitika, fidia inaweza kudaiwa.

Marekani imejitoa Paris, si basi imepona?

Kujitoa kulianza kuhesabika 27 Januari 2026, mwaka mmoja baada ya barua, na ni mara ya pili, ya kwanza ilikuwa Novemba 2020 wakarudi Februari 2021. Ila ICJ imesema ule wajibu wa kutomdhuru jirani uko kwenye sheria ya kimila ya kimataifa, ile isiyohitaji kusainiwa, unazihusu nchi zote, uwe ndani ya mkataba au nje. Ukitoka kwenye kikao cha harusi bado hauruhusiwi kumwaga maji machafu uani kwa mwenzako. Kumfikisha Marekani mahakamani ni habari nyingine, ICJ inahitaji nchi iwe imeikubali mamlaka yake, na wao hawajaikubali kwa jumla.

Kwa hiyo Afrika italipwa lini?

Kwa hayo maoni peke yake, hakuna anayelipwa. Lazima nchi ifungue kesi, ionyeshe nani alikosa, na ifungamanishe kosa lile na mafuriko yale. ICJ ilisema kazi hiyo ni ngumu ila inawezekana.

Mfuko wa hasara na uharibifu ni kitu kingine kabisa. Ulikubaliwa Sharm el-Sheikh 2022, ukaanzishwa rasmi Dubai 2023, na pesa yake ni ya hiari, nchi tajiri zilihakikisha maneno "fidia" na "dhima" hayaingii. Ahadi zilizotolewa ziko kwenye mamia ya mamilioni ya dola, na ukiangalia kimbunga kimoja tu kinavyogharimu utaona hata haina haja ya kupiga hesabu.

Na serikali zetu zinaweza kushtakiwa?

Zinaweza, na zimeshashtakiwa. Katiba ya Kenya kifungu cha 42 kinatoa haki ya mazingira safi, na Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa Lamu baada ya wananchi wa kule kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo na tabianchi haikuangaliwa. Ngazi ya bara, Mei 2025 umoja wa wanasheria wa Afrika uliiomba Mahakama ya Afrika pale Arusha itoe maoni yake kama ICJ ilivyofanya.

## Maswali ya pembeni

Serikali ikikataa hukumu inakuwaje?

Inategemea mahakama. Bunge la Uswisi miezi miwili baada ya mabibi kushinda lilipitisha tamko kwamba nchi inafanya vya kutosha, haina cha kuongeza. Strasbourg haina polisi, utekelezaji unasimamiwa na kamati ya mawaziri wa nchi wanachama, wanasukumana kwa barua na vikao mpaka mtu achoke.

Luxembourg ni moto. Poland ilikuwa inachimba makaa Turów, mpakani na Jamhuri ya Czech, visima vya Wacheki vikawa vinakauka. Mahakama ikasema simamisheni, Poland ikakataa, na Septemba 2021 ikapigwa euro 500,000 kwa siku. Kwa siku! Poland ikagoma kulipa, Kamisheni ya EU ikakata tu kwenye pesa ambazo Poland ilikuwa inazisubiri kutoka Brussels. Februari 2022 majirani wakapatana.

Mi naishi Ujerumani ila ni Mtanzania, naweza kushtaki?

Uraia si kigezo kikubwa, kigezo ni unaishi wapi na umeumia vipi. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu unamlinda kila aliye chini ya mamlaka ya nchi husika, mwenye pasi yoyote. Anza mahakama za hapo ulipo, na ikiwezekana pitia chama, sababu ziko kwenye swali la mabibi na la vijana wa Ureno.

Naweza angalau kuomba nyaraka za serikali za Ulaya?

Ndiyo, zile zinazohusu mazingira, kwa Mkataba wa Aarhus wa 1998, na huhitaji kuwa raia wala kueleza unazitakia nini. Nchi za nje ya Ulaya nazo zinaweza kujiunga, Guinea-Bissau ilijiunga 2023, ya kwanza kutoka nje ya eneo lile.

Masharti ya kahawa na misitu nayo ni sehemu ya haya?

Ni sheria tofauti, ya EU, inayotaka kahawa, kakao, mbao na vinginevyo visitoke kwenye shamba lililokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na anayeingiza sokoni awe na alama ya mahali shamba lilipo. Imeahirishwa mara mbili, kwa makampuni makubwa na ya kati sasa ni 30 Desemba 2026. Kama mna chama cha ushirika, anzeni kupima mashamba sasa, maana tarehe ikifika mnunuzi hatasubiri.

Kisiwa kikizama kabisa, nchi inakufa?

Wengi walidhani jibu ni ndiyo, maana shuleni tulifundishwa nchi ni watu, ardhi na serikali. ICJ imesema nchi ikishakuwepo, kupoteza kimojawapo si lazima kuifute, na mipaka ya bahari iliyokwisha kuwekwa halazimishwi mtu kuichora upya maji yakipanda. Hiyo ya mipaka ni pesa nyingi, kwa sababu visiwa vidogo vinaishi kwa leseni za uvuvi wa jodari.

Tuvalu hawakusubiri. 2023 walibadilisha katiba yao wakaandika kwamba nchi ipo milele hata ardhi ikipotea, na wakasaini mkataba na Australia unaowapa watu 280 kila mwaka nafasi ya kuhamia huko. Wanaohama wanabaki raia wa Tuvalu.